Ubalozi wetu Ghuba: ukija unafaa, ukipigiwa simu haushiki

Kila wiki hapa karakana yangu Kondele, Kisumu, hakosi kijana mmoja anayesimama mlangoni akingoja nizime mashine ya kuchomelea. Najua swali lake kabla hajafungua mdomo. Anataka kwenda Ghuba, ajenti amemwambia mambo yako tayari, na mamake anauliza: mtoto akipatwa na shida huko, ubalozi wa Kenya utamsaidia? Nimechoka kujibu vipande vipande huku cheche zikiruka, kwa hivyo naandika mara moja. Nilikaa kule miaka sita nikichomelea mabomba na ngazi. Nchi siitaji, maana maafisa hubadilishwa na sitaki mtu abebe lawama ya mwenzake.

Nikitoa nyota, ni tatu kati ya tano. Mbili nazitoa kwa siku moja tu, siku ubalozi ulipotujia.

Kambi yetu ilikuwa mwendo wa saa tano kwa basi kutoka mji mkuu. Kwenda ubalozini ni kupoteza siku mbili za mshahara, na hapo ni kama msimamizi amekubali kukuachilia. Mwaka 2022 tukabanwa: serikali ilikuwa imetangaza kwamba pasipoti za zamani mwisho wake ni Novemba, kila Mkenya awe na ile ya kielektroniki ya Afrika Mashariki. Hiyo huimalizi kwa simu. Fomu utajaza kwenye eCitizen na pesa utalipa, sawa, lakini alama za vidole lazima zichukuliwe ukiwepo mwenyewe.

Basi tukaambiwa maafisa watakuja mjini kwetu Ijumaa. Hiyo Ijumaa ilinifurahisha hata kabla sijamwona mtu. Ndiyo siku ya mapumziko kule, kwa hivyo aliyeipanga alijua wafanyakazi wanaishi vipi. Walikodi ukumbi wa hoteli ndogo, wakaja watatu, mashine ikiwa ndani ya sanduku la nguo kama la mtu anayekwenda harusini. Foleni ilianza alfajiri. Kijaluo hapa, Kiluhya pale, Ekegusii nyuma, Kiswahili cha Mombasa katikati. Ungedhani uko steji ya Kisumu siku mbili kabla ya Krismasi.

Zamu yangu ilipofika mashine ikanikataa. Vidole vya mchomeleaji vimeungua vikaungua tena hadi mistari ikafutika. Nikabonyeza, ikakataa. Nikabonyeza tena, ikakataa. Nyuma watu wanaguna. Afisa mwenyewe, mama wa makamo, hakunifukuza. Alinipa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akaniambia, "Sugua polepole, ndugu yangu, hakuna anayekukimbiza." Halafu akatoa mafuta kwenye mkoba wake, akanitilia tone kwenye ncha ya kila kidole, akanifuta, akakishika kidole gumba changu na kukikandamiza kwa mkono wake. Kilikubali mara ya saba, nilikuwa nikihesabu. Waashi wawili walionifuata, wa vidole vilivyoliwa na saruji, wakatumia kitambaa kilekile.

Pasipoti yenyewe ilikaa miezi mitano kabla ya kunifikia, na katika miezi hiyo hakuna aliyenijulisha lolote. Nilikuwa nikituma ujumbe kila Jumatatu kama mtu anayekwenda kanisani.

Hapo ndipo nyota zinapoanza kupungua. Nambari ya ubalozi inaita. Inaita vizuri kabisa, hadi inakatika yenyewe. Nambari ya dharura nayo inaita vilevile.

Hili tulilionja vibaya mwenzetu kutoka Alego alipofariki usingizini. Kwetu Wajaluo hakuna mjadala wa kumzika mtu ugenini. Lazima alale dala, yaani bomani kwao. Lakini mwili hautoki bila karatasi: cheti cha kifo cha nchi ile, pasipoti ya marehemu ifutwe, cheti cha kutiwa dawa, na barua ya ubalozi kwamba hauna pingamizi. Siku mbili tulipiga simu kwa zamu, wanaume kumi na mmoja tukipokezana chaja. Haikushikwa.

Siku ya tatu mmoja wetu akakumbuka kwamba ana nambari ya yule mama wa vidole. Tukamwandikia kwa WhatsApp saa nne usiku. Akajibu baada ya dakika chache: "Poleni sana. Jamaa yake wa karibu ni nani, na yuko wapi?" Kumbe kilichohitajika kwanza ni barua ya familia yenye mhuri wa chifu na kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Hakuna mahali tulipoona jambo hilo limeandikwa. Kaka wa marehemu alipanda matatu kutoka Alego hadi Kisumu mjini, akamalizana na wakili, akaiskani kwenye saiba moja Oginga Odinga Street. Kesho yake adhuhuri barua ya ubalozi ilikuwa na mhuri.

Vijana wajue hapa: ubalozi hautoi nauli ya mwili. Sheria ya kazi ya nchi ile inamdai mwajiri, na mwajiri wetu alikuwa akizungushazungusha. Yule mama alimpigia mara mbili, mwajiri akalipa. Kutoka Nairobi hadi Alego ilikuwa harambee yetu wenyewe. Nyota ya tatu ni ya mama huyo, na bado najiuliza kama ni haki kuiandika kwa jina la ubalozi.

Kuhusu mikutano ya diaspora sina mengi. Kila tarehe 12 Desemba kulikuwa na sherehe ya Jamhuri mji mkuu, na picha zake tuliziona kwenye simu. Mara moja walikuja kutuhutubia kuhusu kuwekeza nyumbani: ploti, sako, hati za dhamana za serikali. Naelewa, mwaka 2024 Wakenya wa ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, nani hataki kuziongoza pesa hizo? Lakini ukumbini mle kulikuwa na wasichana wa kazi za nyumbani ambao mikataba yao ilikuwa ya Kiarabu na hakuna aliyewahi kuwasomea. Mmoja wa Ahero aliinua mkono kuuliza juu ya mshahara wa miezi mitatu. Akaambiwa aandike jina lake kwenye karatasi. Mwenye mada ya ploti akaendelea.

Kwa hivyo kijana, ukifika, jiandikishe ubalozini wiki ya kwanza, wakati huna shida. Nakala ya pasipoti na mkataba mwachie mamako, si ajenti. Na ukikutana na afisa anayeshika simu, hifadhi nambari yake na uwape wenzako.

Binamu yangu yuko kule sasa, mwashi. Juzi ameniambia maafisa wanakuja mjini kwao Ijumaa ya mwezi ujao. Nimempa mtu anayesafiri mikebe miwili ya mafuta ya Arimis ampelekee. Ajipake vidole kila usiku kuanzia leo.