Kishikwambi kipi ununue Kariakoo: orodha yangu, kuanzia cha kwanza hadi cha kuacha dukani

Mama mdogo wangu ni fundi cherehani Mwananyamala. Kwa miaka mingi mishono yake ilikaa ukutani: kalenda za magauni zilizopaushwa na jua. Siku hizi wateja wanamletea picha kwenye simu. Yeye anakunja macho kutafuta mkato wa bega, mteja naye anaikuza picha mpaka inageuka ukungu. Mwaka huu akaniambia, "Mwanangu, nitafutie hiyo iPad." Nikamuuliza kwa nini iPad. "Si ndiyo kishikwambi chenyewe?"

Simlaumu. Neno kishikwambi wengi tulilizoea kwenye sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo mkononi, na baadaye vikagawiwa walimu. Mtaani, hata hivyo, kila kitu bapa chenye kioo kikubwa bado ni "iPad", kama vile kila dawa ya meno ilivyokuwa Colgate.

Kwa kuwa ndugu na majirani wamenifanya msindikizaji wao wa Kariakoo, hoja za mashabiki nimezikariri. Wa iPad atakuambia haizeeki, haigandi, na programu zake zimetengenezwa kwa kioo kikubwa kweli, si programu za simu zilizovutwa. Wa Samsung atakuambia unaweka memori kadi, unahamisha muvi kutoka flashi bila kuomba ruhusa ya mtu, na pesa inabaki ya nauli. Wote wanasema kweli. Tatizo ni yale wasiyoyasema.

Wa iPad hakuambii kwamba iPad haipigi simu. Hata ile yenye laini! Laini ya iPad inakula bando tu. Hakuna mahali pa kubonyeza namba, kwa hiyo *150*00# ya M-Pesa huipati, wala *150*60# ya Airtel Money. Mtu anayepokea malipo ya wateja siku nzima atarudi kwenye kitochi chake kila baada ya dakika tano. Wa Samsung naye hakuambii kwamba maboksi mawili yanayofanana kama mapacha yanaweza kuwa na vitu tofauti ndani, na kwamba ulicholipia kama cha laini kinaweza kuwa cha Wi-Fi tupu.

Basi orodha yangu ni hii. Imepangwa kwa mtu wa kawaida wa Dar mwenye laki kadhaa, si kwa mchora katuni wala mhariri wa filamu.

Cha kwanza: Samsung Galaxy Tab A9+

Kilitoka 2023. Kioo ni inchi 11, spika nne, betri ya mAh 7040, na kina tundu la memori kadi. Si cha ajabu, na ndiyo sifa yake: kinafanya yote kwa kiwango cha kutosha, na mafundi wetu wanakijua. Kipo cha RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, na kipo cha GB 8 na 128. Chukua cha GB 8 hata kama itabidi usubiri mwezi mwingine. Cha GB 4 ukifungua WhatsApp, YouTube na PDF ya mitihani iliyopita kwa pamoja, kinaanza kuwaza.

Sasa zile namba za mapacha. Nyuma ya boksi tafuta modeli: SM-X210 ni cha Wi-Fi tu, SM-X216 ndicho chenye laini. Usikubali maneno ya "kinaingia laini hiki, mama" mpaka uchomoe kitreya chake uone kwa macho. Ukishaona, weka laini yako mwenyewe papo hapo, piga simu, bonyeza menyu ya pesa. Kikikubali, lipa.

Kasoro zake: kioo juani hakisomeki vizuri, kalamu ya S Pen hakiipokei, na chaji inaingia polepole kwa sababu kinapokea wati 15 tu. Mtaa wenu ukiwa wa umeme wa kurudi saa moja na kuondoka, hutakijaza. Kichwa cha chaji pia mara nyingi hakimo ndani ya boksi. Kiulizie kabla hujamaliza kupatana bei, maana baada ya hapo kinakuwa bidhaa nyingine.

Mdogo wake, Tab A9 bila alama ya kujumlisha, ana inchi 8.7 na betri ya mAh 5100. Huyo unamshika kwa mkono mmoja ndani ya mwendokasi huku mwingine umeshika bomba. Kwake SM-X110 ni Wi-Fi, SM-X115 ni laini.

Cha pili: iPad ya kawaida, ukijua unachonunua

Ningekuwa mwanafunzi wa udaktari Muhimbili, au napiga kinanda kanisani na nataka nota mbele yangu, ningeiweka ya kwanza. Kioo chake hakigomi, na umri wake ni mrefu kweli. Mfumo wa iPadOS 26 wa mwaka 2025 bado unaingia kwenye iPad ya kizazi cha nane iliyotoka 2020. Kizazi cha saba, cha 2019, kimeachwa nyuma. Kwa hiyo ukiuziwa iliyotumika, anzia cha nane kwenda juu, hata muuzaji akikuapia kwamba ya saba "ni ile ile tu".

Ina vichekesho vyake pia. Kikokotoo cha kujumlisha na kutoa kilifika 2024. WhatsApp yake yenyewe ikafika Mei 2025, miaka 15 baada ya iPad ya kwanza. Mashabiki wake hawapendi kukumbushwa hayo.

Apple haina duka lake hapa Tanzania. Kuna wauzaji tu, na iPad nyingi utakazooneshwa kwa bei ya kuvutia zimeshatumika ng'ambo. Hapa niliumia mwenyewe. Miaka miwili iliyopita nilichukua iPad ya kizazi cha tisa kwenye duka moja dogo la ghorofani, Kariakoo. Haina mkwaruzo. Kijana aliiwasha, ikafunguka moja kwa moja kwenye ukurasa wa programu, tukacheza video, nikalipa. Nyumbani nikaifuta yote ili niweke vitu vyangu. Ikawaka upya, ikanisalimia kwa lugha kumi, ikaomba Wi-Fi, halafu ukatokea ukurasa mweupe: kifaa hiki kinasimamiwa na idara ya elimu ya mji fulani wa Marekani, weka jina la mtumiaji na neno la siri. Ilikuwa ya mwanafunzi. Niliporudi nayo, kijana akaitazama, akanitazama, akasema, "Kaka, sasa nani alikutuma uiresti?"

Tangu siku hiyo hatutoki dukani kabla haijafutwa mbele yetu. Muuzaji aifute yeye mwenyewe, iunganishwe na hotspoti ya simu yako, muipitishe hatua zote mpaka ikubali akaunti yako. Kama ina iCloud ya mtu, yaani akaunti ya Apple ya mwenyewe wa zamani, au usimamizi wa shule, itajitaja hapo hapo. Ukisikia "hiyo ndogo, fundi anaitoa", shukuru na uendelee na safari.

Kitu kingine cha nusu dakika: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Jumla (General), kisha Kuhusu (About), usome namba ya modeli. Ikianza na M, iliuzwa mpya dukani. F ni iliyokarabatiwa, N ni iliyotolewa kama mbadala wa mbovu, P ilichorwa maandishi ya mwenyewe. F si dhambi, nimeona nyingi nzuri. Dhambi ni kulipia F kwa bei ya M.

Kuhusu kupasuka, maana itaanguka: kwenye iPad ya kawaida kioo cha juu na skrini ya ndani havijagandishwa pamoja. Kioo kikipasuka na picha ikabaki safi, fundi anabadilisha kioo peke yake. Kwenye Air na Pro vyote ni kitu kimoja, na bei ya kuvibadilisha inakaribia kununua kishikwambi kingine. Ila kwenye kizazi cha tisa, mwambie fundi achunge kitufe cha chini kama mboni ya jicho lake. Kitufe hicho kimefungamana na bodi ya iPad yenyewe. Kikikatika, alama ya kidole hairudi, hata akikuwekea kipya.

Na kalamu. Apple Pencil ya kwanza inachajiwa kwa kuchomekwa kwenye iPad ya tisa ikining'inia kama mkia. Kwa iPad ya kumi unahitaji kiunganishi, au ununue ile ya USB-C, ambayo haitambui ukandamizaji wa mkono. Kwa kuandika nota hainiumizi. Mchoraji itamuudhi.

Cha tatu, na kwa mwanafunzi huenda ndicho cha kwanza: Galaxy Tab S6 Lite au S9 FE

Hivi vinakuja na kalamu ndani ya boksi. Hununui pembeni, na ukitaka kuandika tu, kalamu haihitaji chaji kabisa. Nimemwona binti mmoja kwenye daladala ya Ubungo akimalizia mchoro wa moyo, vyumba vinne na mishipa, huku tumesimama foleni. Gari lilivyoruka tuta hata mstari haukupinda, au ulipinda akaufuta kwa kitufe cha kalamu. S6 Lite ni ya 2020 ikafanyiwa marekebisho baadaye, kwa hiyo uliza ni ya mwaka gani kabla ya kutoa hela. S9 FE ina kinga ya maji ya IP68. Masika ya Jangwani yanatosha kueleza faida yake.

Cha nne: Redmi Pad SE

Inchi 11, betri kubwa ya mAh 8000, spika nne, tundu la earphone. Kwa kutazama mpira na tamthilia kitandani, sijaona kinachokizidi kwa bei yake. Hakina laini, prosesa yake ni ya kawaida. Basi.

Tecno na Lenovo zipo madukani na si mbaya. Pima kwa kigezo kile kile: RAM, kitreya cha laini, na kama fundi wa mtaani kwenu ameshawahi kukifungua.

Vya kuacha dukani

Amazon Fire vinakuja kwenye mabegi ya watu kutoka Marekani, vinauzwa rahisi. Havina duka la programu la Google. Vingi vinakuonesha matangazo kila ukiwasha kioo, na mtoto wa darasa la nne atakulilia kwa nini programu ya shule haipo. Huawei vina vioo vizuri mno, lakini tangu vikwazo vya Marekani vya 2019 matoleo mapya hayana huduma za Google. Anayejua kuzunguka atazunguka. Mama mdogo wangu hawezi, na mimi sitaki kupigiwa simu kila jioni.

Halafu kuna vile vya watoto, vyenye kava la mpira wa rangi na mpini, vimeandikwa GB 512 kwa hela isiyotosha kununua memori kadi ya GB 512. Fikiria hapo tu. Mipangilio itakuonesha 512 kwa sababu imeandikwa ioneshe hivyo. Ukianza kupakia katuni, ya kumi inafuta ya kwanza. Kama bajeti ndiyo hiyo, Samsung ndogo iliyotumika yenye akaunti safi ni bora mara nyingi.

Kabla hujatoa hela

Kwa chenye laini, soma IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, kwenye mipangilio, ilinganishe na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 uone inajibu jina gani. Tulionao umri tunakumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki na watu wakaamka na matofali. Dai risiti ya EFD iliyoandikwa modeli kamili, siyo "tableti 1". Na tembea. Siku tuliyokwenda, bei ya boksi lile lile ilipishana elfu themanini kati ya maduka mawili yanayotazamana, na la bei ya juu ndilo lililokuwa na feni na soda.

Mama mdogo alishika iPad kwanza, akaipenda, akauliza, "Na M-Pesa nabonyezea wapi?" Muuzaji akacheka. Mama mdogo akairudisha mezani taratibu kama anarudisha sahani ya mgeni. Tukatoka na A9+, SM-X216, GB 8, na kichwa cha chaji ambacho hatukukilipia. Sasa kipo kwenye meza ya kukatia, kimeegemezwa kwenye jora la kitenge, na wateja wanakuza picha ya bega mpaka nyuzi zinahesabika. Akinipigia, anakiinua chote mpaka sikioni kama sinia la pilau. Spika zote ziko wazi, kwa hiyo shikamoo yangu inaitikiwa marahaba na kibanda kizima.