TAHADHARI: Impreza "STI swapu kamili" ya bluu ni WRX iliyopakwa rangi, na muuzaji bado yuko mtaani

Wakuu, huyu mtu asiachwe. Ile Subaru Impreza ya bluu yenye rimu za dhahabu na bawa refu nyuma, aliyoitangaza kama STI ya 2003 (toleo kali zaidi la WRX) kwa "swapu kamili", yaani WRX iliyohamishiwa vitu vyote vya STI, haina kitu cha STI zaidi ya nembo. Kijana wetu kamwaga akiba yake yote, na wiki haijaisha beringi ya konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) imesagika. Wanaomcheka kwamba kaingizwa mkenge kizembe wasome kwanza alivyofanyiwa.

Gari ilikutwa imeshawashwa. Boneti ya moto, muuzaji akasema katoka nayo kuoshwa. Akafungua boneti mwenyewe, akatupia kitambaa cha kufutia mikono kwenye ukuta wa nyuma wa injini, pale pale Subaru wanapogonga namba ya chasisi, kisha akaanza kuonyesha manifoldi nyekundu, lile bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Kila anayezijua hizi gari anajua manifoldi nyekundu ni alama ya EJ207, injini ya STI ya Japani, kwa hiyo macho yote yakaenda hapo. Kadi ya gari aliitoa ikiwa ndani ya plastiki, kidole gumba kimekaa juu ya mstari wa chasisi. Alipoombwa aiachie, aliiachia bila ubishi, na akasema mwenyewe: "Bodi ni GDA, sikufichi. Ila injini, giaboksi, difu na breki vyote nimehamisha."

Hapo ndipo alipomshika kijana wetu. GDA ni WRX ya kawaida, GDB ndiyo STI. Muuzaji anayekwambia kasoro ya gari yake kabla hujauliza unamwamini, na mtu yeyote angemwamini. Tena kazi yenyewe inafanyika kweli: watu hununua nusu ya mbele ya STI iliyokatwa Japani, wanahamisha injini na kompyuta yake, giaboksi ya gia 6, propela na difu ya nyuma, kwa sababu uwiano wa difu ya mbele na ya nyuma lazima ulingane, la sivyo difu ya kati inakufa. Yote hayo aliyataja kwa mpangilio, kama mtu aliyeyafanya kwa mikono yake. Risiti ya spea za Gerezani, kule Dar wanakouza spea za magari, anayo. Nobi ya gia imechorwa gia 6. Kalipa za breki ni za dhahabu, zimeandikwa Brembo, kampuni ya breki za STI. Kwenye kuijaribu akashika usukani yeye, kwenye foleni mwanzo mwisho, gia ya 1, ya 2, ya 3, na kila akiachia mafuta valvu inapiga "pshii" mpaka bodaboda wanageuka. Gia ya 6 angeitafuta wapi kwenye foleni ile?

Gari ilipopandishwa kwenye jeki, uchafu wote ukatoka.

Giaboksi ni ya gia 5. Ya STI ina pete chini ya nobi, na rivasi haiingii bila kuinua ile pete. Hii haina pete, na rivasi yake iko kulia kwa nyuma, chini ya gia ya 5. Kanunua nobi tu, kaifunga juu. Manifoldi kapuliza rangi ikiwa imefungwa kwenye injini: wekundu umepita juu ya boliti, klempu na mipira, wakati kiwandani hupakwa kabla ya kufungwa. Chini yake kuna EJ205 ya siku zote, injini ya WRX ya kawaida. Zile Brembo ni vifuniko vya plastiki vilivyogandishwa kwa silikoni, na cha mbele kulia kimeanza kuyeyuka kwa joto la breki.

Ile "pshii" nayo ilikuwa inaua injini. EJ205 ina sensa ya kupima hewa karibu na boksi la filta, na kompyuta inapima petroli kulingana na hewa iliyopita pale. Ukifunga valvu inayoitupa nje hewa iliyokwisha kuhesabiwa, petroli inazidi: moshi mweusi, plagi nyeusi, injini inakwamakwama ukibadilisha gia. Juu ya hapo kafunga kidhibiti cha mkono cha kupandisha presha ya turbo, bila kuipanga upya kompyuta. Hizi gari za Japani zimepangwa kwa petroli ya kwao ya oktani 100. Ukiongeza presha huku unatia super ya kawaida, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na sehemu nyembamba ya pistoni kati ya ringi na ringi inavunjika. Inayotangulia mara nyingi ni silinda namba 4, ya nyuma kushoto. Kwenye hii, kompresheni (mbano wa silinda) ilipopimwa, silinda tatu zilitoa zaidi ya psi 130. Ya 4 ilitoa 90.

Na oili ndiyo inayonipandisha hasira kuliko yote. Injini hizi za EJ kwa kawaida hutiwa 5W-30 au 5W-40. Iliyotoka kwenye sampu (trei ya oili chini ya injini) ilitoka kama asali: 20W-50 iliyochanganywa na dawa ya kuzima kelele. Beringi ya konrodi ikilika inagonga, na oili nzito inaziba ule uwazi kwa siku chache, mlio unapotea. Mle kwenye sampu kulikuwa na vumbi la shaba linalong'aa, na kile kichujio kidogo ndani ya boliti ya bomba la oili la turbo kimeziba kabisa. Mtu hanunui dawa ile kwa bahati mbaya. Aliusikia mlio wa injini kugonga, akaufunika, akapokea hela ya watu.

Hii ni jinai, wakuu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungo chake kinafika miaka 7. Arudishe hela yote, alipe gharama za kubomoa injini, na afikishwe mahakamani hata akirudisha. Fundi aliyeipaka gari rangi naye aunganishwe, na madalali wanaompelekea wateja waache leo. Msimwonee huruma akianza kulia kwamba ana familia. Aliyeibiwa naye ana familia.

Mnaotafuta WRX, kwa haraka: ikutwe ya baridi, ikiwa ya moto ondokeni mrudi kesho. Vuta kijiti cha oili uone uzito. Ikipata joto ipandishe mpaka mizunguko 3,000, achia taratibu, sikiliza mlio mzito wa kugonga kwa chini. Angalia mapovu kwenye tangi la maji. Uliza risiti ya taimingi belti, tensheni, rola na pampu ya maji, maana ikikatika valvu zinagonga pistoni. Kompresheni ipimwe silinda zote 4, plagi zote nje, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini. Akikataa kupima, basi.

RB (taarifa ya polisi) imeshafunguliwa. Aliyewahi kuuziwa gari na huyu jamaa alete mkataba, ushahidi wa malipo na picha za tangazo, tuunganishe malalamiko. Jana usiku katangaza nyingine, ya kijivu, maneno yale yale. Picha ya ndani inaonyesha nobi ya gia 6, na chini yake hakuna pete.