Kujaziwa muvi za zamani kwenye flashi hapa Amu (Lamu): kabla hujalipa, angalia kama nyimbo zimo

Kama una wazee nyumbani na kila wikendi wanakuambia wanataka zile picha zao, yaani muvi zao za zamani, soma hii. Mie ni mteja wa hizi duka za muvi kitambo, unapeleka flashi, unataja unachotaka, kijana anakujazia, shilingi 20 muvi moja na ukichukua nyingi anakupunguzia. Duka lenyewe sitalitaja jina, liko upande wa Langoni, na hata ukienda jengine mambo ni yale yale. Kwa muvi mpya sina neno, anazo zote na ziko klia. Shida ni za zamani, zile mtu ashaziangalia mpaka anazijua neno kwa neno na bado anazitaka.

Manake kijana wa duka yeye anafikiri mteja anataka picha safi tu. Ukimwambia nataka Sholay anakuangalizia ile yenye namba kubwa, ten eti (1080, ya picha kali), anakuwekea, anakuambia dadangu hii inang'aa kama kioo. Na kweli inang'aa. Lakini mtu anayerudia picha haangalii itaishaje, ashajua itaishaje, yeye ana kipande chake anachokisubiri, na kikikosekana hicho basi hiyo picha kwake hakuna kitu hata ing'ae vipi.

Tuanze na hiyo hiyo Sholay maana ndo ilonisumbua zaidi. Ni ya Kihindi, ya 1975, Amitabh, ndo Jai, na Dharmendra ni wezi wawili wanakodiwa na Thakur, polisi wa zamani aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar, wakamshike huyo Gabbar wamletee akiwa hai. Picha nzima ni zaidi ya saa tatu. Nakala niliyopewa mara ya kwanza ilikua saa mbili na kitu! Sikuangalia dakika pale dukani, nani huangalia, nikaja nikaichomeka kwa tivi watu wote washakaa, ami kashajilaza na mto wake, majirani wawili wameingia, kachiri ziko kwa sinia. Ikaenda vizuri mpaka ule wimbo wa pikipiki, wale marafiki wawili juu ya pikipiki yenye kile kiti cha pembeni, hata hatujashtukia, ushapitwa. Umekatwa. Ami akasema rudisha nyuma. Nikarudisha. Hamna. Akasema rudisha tena, ni kama mie ndo niliyeuficha.

Huo wimbo ulikua ni utangulizi tu. Kipande cha mamangu nacho hakikuwemo. Mamangu si mtu wa bunduki, wakianza kupigana yeye huenda jikoni, lakini kuna pahali Radha, yule mkwe wa Thakur aliyefiwa na mume, anatoka usiku kuzima taa barazani moja baada ya moja, na Jai amekaa ng'ambo ya pili anapiga kinanda chake cha mdomo. Hawasemezani. Mamangu hurudi kutoka jikoni kwa ajili ya hapo tu. Na baadae Thakur anaenda kwa babake Radha kumuombea ruhusa aolewe tena, hapo mamangu husema kila mara maneno yale yale, "Huyu angekua Amu angekaa eda yake akamaliza, akaolewa, na pilau tungekula." Yeye mwenyewe alifiwa na babangu akiwa bado kijana na akaposwa na akakataa, kwa hivo sijui ile kuisema kwake anamsema Radha au anajisema, na mie si mtoto wa kumuuliza mamangu mambo hayo. Ninachojua ni kwamba aliyeikata hiyo nakala aliona pale hapana kitu kinachotendeka, mtu anazima taa tu, akakata.

Nikarudi dukani. Hapa nampa kijana haki yake, hakubisha, alisema niachie flashi niende nirudi baada ya magharibi atanitafutia iliyo nzima. Na akaipata, na akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kwa mtu wa umri wake, unataka ya mwisho gani? Kwa wasojua, mwisho tuliouzoea Gabbar anachukuliwa na polisi, lakini huo si ule uliopigwa mwanzo, mwanzo Thakur anamuua mwenyewe kwa viatu vyenye misumari, watu wa kukagua filamu wa India wakati ule wakaukataa na ikabidi upigwe mwengine. Sai nakala zote mbili ziko mitaani. Mie nikachukua zote, nikidhani ami atafurahi.

Hakufurahi. Aliangalia ule wa kuuawa mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema nirejeshee yangu. Jirani akasema lakini hii ndo haki, mtu kakatwa mikono, kauliwa wanawe, sasa polisi wa nini? Wakabishana mpaka mwadhini akaadhini isha. Msimamo wa ami ni kua Thakur alikua askari, na askari akiua kwa hasira basi yeye na Gabbar wote ni majambazi. Jirani anasema hayo ni maneno ya mtu mwenye mikono yake miwili. Mie niko na jirani kwa hili, lakini usimwambie ami.

Na kipande cha ami mwenyewe ni ile sarafu. Jai kila wakikwama juu ya jambo hurusha sarafu, na kila mara inaangukia upande wake. Akishakufa ndo mwenzake anaiangalia anakuta pande zote mbili ni sawa, kumbe hata ile mara ya mwisho ya nani abaki nyuma na risasi na nani akimbie kuleta msaada, hakukua na bahati nasibu, jamaa alishaamua. Sisi tuliokulia kwa sinema za hapa tunajua stelingi hafi, na huyu ni stelingi na anakufa, hilo pekee liliwachanganya watu wa umri wa ami. Yeye husema rafiki wa kweli hakupi nafasi ya kubishana nae. Kila akiiona husema, na ana rafiki yake mmoja wa jahazini hakusemezana nae miaka, siku hiyo baada ya sarafu akatoka akaenda kumtafuta pale uwanja wa Mkunguni. Sijui waliongea nini, alirudi na halwa.

Hizo zengine nitapita haraka. Kuch Kuch Hota Hai ya 1998 haikua na tatizo lolote, nyimbo zote zimo, wapwa zangu wao hawana haja na Shah Rukh Khan, wanamsubiri yule mtoto mdogo wa kilemba anayehesabu nyota na haongei mpaka mwisho. Dadangu yeye analia kwa zile barua nane alizoandika mama anayejua atakufa amuachie binti yake. Vijana wa nyumbani walitaka Commando ya Arnold lakini lazima iwe ya DJ Afro, yule Mkenya anayeisimulia muvi kwa Kiswahili, ile ya Kizungu chake tu hawaitaki, wanasema bila DJ Afro hata hujui adui ni nani. Sawa.

Ila The Message inataka maelezo, maana hapa ndo niliumbuka mbele ya nyanya. Hii ni picha ya mwanzo wa Uislamu, ya 1976, ya Moustapha Akkad, na watu wengi hawajui kua zilipigwa mbili kwa pamoja, ya Kizungu na ya Kiarabu, waigizaji wakuu mbali mbali, Hamza wa Kizungu ni Anthony Quinn na wa Kiarabu ni Abdullah Gaith. Mtume hana sura wala sauti ndani ya picha, wanaozungumza nae wanaikabili kamera, ndo maana hata nyanya ambaye hapendi tivi anaikubali, na kila Ramadhani lazima aione. Kipande chake ni Bilali kupanda juu ya Kaaba kuadhini. Sasa flashi niliyojaziwa picha ilikua safi ajabu, sauti hamna. Hamna kabisa. Bilali kapanda, kafungua mdomo, kimya. Nyanya akaniangalia, "Mjukuu wangu, adhana iko wapi?"

Kumbe sauti ilikuwemo, ni tivi yetu haiisomi aina ile. Kwa hivo hili ulijue, zile faili za sauti kubwa za sinema, za DTS, tivi nyingi haziwezi, kwa kompyuta ya duka itatoa sauti na ukifika nyumbani ni bubu. Mwambie kijana akugeuzie sauti iwe ya kawaida, ya AAC, ni kazi ya dakika chache tu. Na umuombe ya Kiarabu, nyanya Kizungu hajui na Kiarabu cha kuzungumza hajui pia, lakini ikisomwa aya anaijua na anaisoma nayo, na ni ndefu zaidi ile, ana raha nayo.

Kitu chengine ni flashi yenyewe. Tivi za kizamani kidogo zinataka flashi iwe imefomatiwa kwa mpango wa FAT32, na hiyo haipokei faili moja inayozidi GB 4. Sholay nzima ikiwa klia sana inapita hapo, basi vijana wengine badala ya kukuambia wanakukatia vipande viwili au wanakupa ile fupi wanajua hutajua. Bora uchukue iliyo na picha ya kadiri lakini nzima. Na kama unataka maandishi ya chini hakikisha lile faili la maandishi liko folda moja na muvi na jina lao ni moja, la sivyo tivi nyingi hazilioni. Nyumbani kwetu maandishi yenyewe tuliyazima, ami alisema anajua Gabbar anasema nini kuliko aliyeyaandika.

Mie nampa huyu kijana 7 kwa 10. Tatu zimekatwa kwa kutojaribu kitu kabla hajakukabidhi, tivi iko pale ukutani mwake inaonyesha mpira siku nzima. Siku hizi nikienda nabeba karatasi, nimeandika kila mtu kipande chake, namwambia fungua hapa, fungua hapa, anacheka lakini anafungua. Disco Dancer nimeichukua kwa njia hiyo, tukaangalia kwanza pale mama anapokufa kwa gita lililotegwa umeme, kipo, ndo nikalipa.

Iliyonishinda ni Amar Akbar Anthony. Anayo, lakini imekatwa mwanzoni, ile hospitali ya ndugu watatu wasojuana, wamelala kwa mstari wanamtolea mama yao damu bila kujua ni mama yao, ami husema damu haipandi hivo na bado anaitaka. Mwenye nakala nzima hapa Amu, hata kama ni DVD ya zamani, nakuja kuichukua mwenyewe na flashi naja nayo.