Majoho ya Kuogea Katika Kabini ya Meli ya Kitalii: Ni ya Bure, Lakini Uyaombe

Mwezi Juni, Mama alikuja kutoka Tanga kunitembelea Vancouver ninakoishi, nasi pamoja na shangazi yangu tukapanda meli ya kitalii ya siku saba kwenda Alaska, tukapitia Ketchikan, Juneau, Skagway na Glacier Bay kabla ya kurudi pale pale tulipoanzia. Chakula na maonyesho ya meli hizi vimekwisha kuelezwa na wengi. Mimi nataka kuandika juu ya huduma moja tu, ambayo naona haielezwi inavyostahili, nayo ni majoho ya kuogea yanayotolewa bila malipo kabinini. Kampuni siitaji kwa sababu nina lalamiko juu yake, na kwa sababu utaratibu wenyewe unafanana katika meli nyingi za aina hii.

Lalamiko langu ni hili. Shangazi alikuwa amechukua kabini yenye roshani, naye alipofungua kabati siku ya kwanza alikuta majoho mawili meupe yametundikwa, mikanda yake imefungwa vizuri kiunoni. Mimi na Mama tulikuwa kwenye kabini ya ndani isiyo na dirisha, ambayo ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na kabati letu lilikuwa na hanga tupu na maboya ya kuvaa wakati wa hatari. Hapakuwa na karatasi wala maelezo yoyote, hata katika kile kijitabu cha huduma kinachowekwa mezani, ambacho nilikisoma ukurasa kwa ukurasa. Tungemaliza safari bila kujua, kama shangazi asingemwambia Mama, "Wifi, mwambieni yule kijana anayewasafishia chumba, pengine amesahau yenu." Nilipomuuliza mhudumu wetu, kijana mpole kutoka Indonesia, alisema kwamba hakusahau: wa kabini za ndani hupewa wakiomba, kwa kuwa wageni wengi huyaacha kabatini bila kuyavaa na bado hulazimika kufuliwa mwisho wa safari. Haikupita saa moja akaleta mawili, na hakuna senti iliyoongezwa kwenye hesabu yetu.

Sababu aliyoitoa naielewa, kwa maana kufua nguo nzito za maelfu ya watu kila wiki si kazi ndogo, na maji ya meli hayapatikani kirahisi. Lakini kama kampuni imeamua kwamba kila mgeni ana haki ya joho, ni wajibu wake kumwambia, na mstari mmoja katika kijitabu kile ungetosha. Mama asiyejua Kiingereza, na anayeona haya kumsumbua mtu kwa kuomba ombi ambalo hana hakika nalo, asingelipata kamwe kama angesafiri peke yake.

Sasa nije kwenye joho lenyewe. Majoho ya melini ni ya aina mbili ambazo mtu anaweza kuzitambua kwa kupitisha kidole tu. Kuna yale ya kitambaa cha taulo, chenye vitanzi vidogo vidogo vya uzi pande zote mbili, na hivyo vitanzi ndivyo vinavyonyonya maji. Hayo ni mazito, yana joto, na hukauka polepole. Kuna pia yale yaliyofumwa kwa vijumba vya mraba kama sega la nyuki, ambayo ni mepesi, hukauka upesi, na hayachukui nafasi kubwa kabatini. Yetu yalikuwa ya aina hii ya pili, pamba iliyochanganywa na poliesta, yenye kola pana, mifuko miwili mikubwa na mikono ya kukunjwa. Yalifuliwa vizuri na hayakuwa na harufu ya sabuni kali, na kushona kwake kulikuwa kwa uangalifu: nilivuta vitanzi vya mkanda nikijaribu kuona kama vimelegea, lakini vilikuwa imara. Kwa mtu anayetoka kuoga akiwa na maji mwilini, kitambaa hiki hakitoshi; jifute kwanza kwa taulo ndipo ulivae.

Kipimo ndicho kilichonikera. Majoho yote ni ya saizi moja, na saizi hiyo inaonekana ilikatwa kwa ajili ya mwanamume mrefu. Kwangu lilifika chini ya magoti, nikaridhika, ila Mama, ambaye ni mfupi na mwembamba, lilimburura sakafuni na bega la kushoto likawa linateleza kila alipoinua mkono. Kwa bahati nzuri hakuna mwanamke wa Tanga anayesafiri bila kanga. Alilikunja joho kiunoni kama anavyokunja gauni refu wakati wa kudeki, akalifunga kwa kanga badala ya ule mkanda wake, akatembea nalo bila taabu. Nilimuuliza mhudumu kama yapo madogo zaidi, naye akaniletea la mtoto siku iliyofuata, lakini hilo lilimbana kifuani. Kati ya la mtoto na la mwanamume mrefu hapakuwa na kingine.

Umuhimu wa joho katika safari ya Alaska niliufahamu sitahani. Mabwawa yenye maji ya moto yako wazi, na hata mwezi Juni upepo wa huko ni wa baridi hasa, kwa hiyo zile hatua ishirini kutoka bwawani hadi mlangoni ukiwa umelowa ni mateso. Kwa joho nilikuwa nakwenda na kurudi bila kutetemeka, tena nikiwa nimejisitiri, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko joto. Siku ya Glacier Bay tulikaa kwenye roshani ya shangazi, sote watatu tumevaa majoho juu ya sweta, meli ikiwa imesimama mbele ya ukuta wa barafu wa Margerie. Kipande kikubwa kilimegeka kikatumbukia baharini, na sauti yake ikatufikia baada ya kukiona kikianguka. Mama alikuwa ameingiza mikono yote miwili ndani ya mikono ya joho, kila mmoja ukishika kiwiko cha mwenzake, wala hakutaka kuingia ndani hadi meli ilipogeuka.

Yapo mambo machache ya kujua kabla ya kuyatumia. Joho ni la kuvaa kabinini, bwawani na njiani kuelekea huko. Kwenye ukumbi wa chakula haliruhusiwi, na naona ni sawa. Neno "bure" maana yake ni kulitumia, si kuondoka nalo: kadi iliyokuwa ndani ya mfuko ilisema wazi kwamba likikosekana siku ya mwisho bei yake itaingizwa kwenye hesabu ya mgeni. Ilinishangaza kwamba kadi ya kutudai ilikuwepo, na kadi ya kutueleza haikuwepo. Tena, taulo hubadilishwa kila siku ukizitupa sakafuni, ilhali joho hukaa hilo hilo safari nzima usiposema. Nilipoomba libadilishwe siku ya nne nilipewa safi mara moja.

Kukausha ni tatizo katika kabini ya ndani, kwa sababu hewa haizunguki vizuri na kabati likifungwa joho hutoka na unyevu asubuhi. Kuta za kabini nyingi ni za chuma, kwa hiyo kulabu za sumaku hushika barabara. Nilikuwa nazo nne, nikayatundika ukutani karibu na tundu la kipoza hewa, na alfajiri yalikuwa makavu kabisa. Atakayesafiri kwenye kabini kama yetu azibebe, na siku ya kwanza, mara tu mhudumu atakapojitambulisha, aombe majoho kwa idadi ya watu waliomo. Asisahau bahashishi ya kijana huyo, kwani ndiye aliyetufanyia wema ambao kijitabu hakikuutaja.

Asubuhi ya kushuka tuliyakunja tukayaweka juu ya kitanda. Kabla ya hapo Mama alilitandika lake, akapima urefu wa kola na upana wa mfuko kwa shubiri, akaniambia niandike vipimo vyote kwenye simu, isipokuwa urefu wa joho na wa mikono, ambao alisema fundi wake wa Ngamiani, kule Tanga, atampima mwenyewe.