Mabaraza ya usuluhishi wa ndoa Mwanza: usikilizaji mzuri, hati zenye kasoro

Wengi huliendea baraza wakitafuta hukumu, na hapo ndipo wanapokosea mlango. Liwe la kata, la msikiti au la kanisa, baraza la usuluhishi wa ndoa halivunji ndoa wala haligawi nyumba. Sheria ya Ndoa ya 1971 imelipa kazi ya kupatanisha, na likishindwa, kutoa hati ya kwamba limeshindwa. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, kuanzia ya Mwanzo.

Kwa usikilizaji, mabaraza ya dini yanaongoza. Mwenyekiti na wajumbe wawili hadi watano, wakili haruhusiwi, watu husema ya moyoni. Sheikh atakumbusha Qurani, Sura ya 4 aya ya 35: mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa wa mume, mwingine kwa jamaa wa mke. Kwa ndoa za Kisukuma, kikao kisicho na banamhala, yaani wazee, wanaojua ng'ombe wa mahari walivyolipwa huzaa suluhu ya mdomoni tu.

Kwenye karatasi ndiko tunakopunguza nyota. Hati inayotakiwa ni Fomu Na. 3, yenye maelezo ya baraza kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Badala yake mtu hutoka na barua ya mtendaji, au ya mchungaji ambaye kamati yake haijawahi kuteuliwa na waziri kuwa baraza. Nyingine huandikwa "baraza limevunja ndoa, mke achukue kiwanja", maneno yasiyo na nguvu yoyote kisheria. Kosa baya zaidi ni hati iliyotolewa baada ya kusikiliza upande mmoja bila kumwita mwenzake. Shauri laweza kwenda hadi Mahakama ya Rufani, kisha mwenendo wote ukafutwa kwa sababu ya hati, na wadaawa wakarudishwa barazani.

Hati haitakiwi kuzidi miezi 6 tangu itolewe hadi siku ya kufungua shauri. Ukiikalia ukisubiri mavuno, unaanza upya.

Waliofunga ndoa ya Kiislamu waangalie mpangilio: kwanza baraza lithibitishe limeshindwa, ndipo talaka itamkwe, kisha mahakama. Talaka iliyotangulia baraza haiipi mahakama njia ile fupi ya kutoa amri ya talaka, hata kama kwa dini imekwisha pita. Wakatoliki nao wajue kwamba ubatilisho wa mahakama ya kanisa hauigusi hadhi ya ndoa serikalini.

Wito una ugumu wake ziwani. Mume aliye kambini Kome au Ukerewe kwa uvuvi wa dagaa hapatikani usiku wa giza. Mpangieni kikao wakati wa mbalamwezi, taa zinapozimwa na wavuvi kupumzika. Akipokea wito akakataa kuja kwa makusudi, au akitoweka asijulikane alipo, sheria inaruhusu kwenda mahakamani bila hati. Lakini uthibitisho wa wito uwepo: tarehe, aliyeupeleka, sahihi ya aliyepokea.

Nyota nne kwa mazungumzo, mbili kwa makaratasi. Kabla ya kuondoka, soma hati papo hapo: majina ya wote wawili, tarehe ya kikao, muhuri, sahihi ya mwenyekiti, na neno "limeshindwa".