The Boys ya kutafsiriwa: sizoni ya tatu imeharibiwa palepale isipotakiwa kuguswa

Wadau wa Mwanza mnaonunua muvi za kutafsiriwa, The Boys sizoni ya tatu inayosambazwa na duka moja la katikati ya mji msiinunue. Au tuseme hivi: chukueni sehemu ya 1 hadi ya 7, mkifika ya 8 tafuteni ya Kiingereza. Sizoni ya kwanza ya mtafsiri huyohuyo ni nzuri mno, nitaieleza mbele, na ndiyo maana hii ya tatu imeniuma.

Hadithi yenyewe mnaijua, mashujaa wenye nguvu za ajabu wanaomilikiwa na kampuni, mbele ya kamera malaika, nyuma ya kamera mashetani. Shida yangu ni dakika za mwisho za sehemu ya 8, iliyotoka Julai 2022.

Homelander, kinara wa mashujaa hao, anatokea hadharani na mwanawe Ryan mbele ya mashabiki wake. Ndani ya umati kuna mfuasi wa Starlight, shujaa wa kike anayempinga Homelander, anarusha kitu, kinampata mtoto. Homelander anamfumua kichwa kwa mionzi ya macho, mchana kweupe, watu wote wanaona. Umati unaganda. Mtazame usoni Homelander hapo: hata yeye hajui kama amekwisha au la. Kisha anajitokeza mtu mmoja, Todd, ananyanyua mikono na kushangilia. Mwingine anamfuata, halafu umati mzima. Ndipo Homelander anapotabasamu, na baada yake kamera inamwonesha mtoto naye akitabasamu.

Kile kimya kabla ya Todd ndicho kilichobeba sizoni nzima. Kwenye katuni yenyewe, aliyoiandika Garth Ennis na kuichora Darick Robertson na wenzake kuanzia 2006 hadi 2012, matoleo 72, maovu mengi yanafanyika gizani na kampuni inayafukia. Wananchi wanadanganywa tu. Homelander mwenyewe anadanganywa pia: anapata picha za unyama anaoonekana kuufanya yeye, hakumbuki, anaanza kuamini amerukwa na akili, kumbe mtendaji ni Black Noir, shujaa mwenzake, aliyevaa sare yake. Msomaji wa katuni anaweza kusema, watu wanampenda kwa sababu hawajui. Waliotengeneza tamthilia wakaondoa kisingizio hicho. Wakamfanya aue hadharani, wakawapa watu muda wa kuamua. Umati unajua, unanyamaza, unafikiri, unachagua kushangilia. Bila kile kimya hakuna kuchagua.

Sasa sikilizeni alichokifanya huyu bwana mtafsiri. Kichwa kinapasuka tu, naye anapasua koo: "Steringi hachezeweee! Gusa mtoto uone!" Hajamaliza kuhema, inaingia jingo ya duka lake, sauti yenye mwangwi, jina la duka, namba ya simu mara mbili. Jingo inapoisha umati tayari unapiga kelele za furaha. Todd hayupo. Kimya hakipo. Anayetazama anaona shujaa kamwadhibu mhuni na wananchi wamempongeza, basi.

Na huyo Todd, mtafsiri alishamfuta mapema, tangu sehemu za katikati. MM ni mmoja wa wanaopambana na mashujaa hao, na Todd ndiye mwanaume anayeishi na mama wa binti yake MM, mtu wa kawaida kabisa, mpole, na sizoni nzima tunamwona akizama kidogokidogo katika kumwabudu Homelander mpaka anampeleka yule binti kwenye mkutano wa mashabiki na MM anamjia juu. Mtafsiri kote huko anamwita "jamaa" tu. Mara "jamaa", mara "huyu mshikaji". Kwa hiyo hata asingeweka jingo, nani angemtambua anaponyanyua mikono? Mhusika mdogo anayerudi mwishoni lazima abebe jina kuanzia anapoingia. Hilo ni jambo la kwanza kabisa katika kazi ya kutafsiri muvi, na huyu analijua, maana kwenye muvi za Kihindi hakosei hata jina la shangazi.

Niliiona ikioneshwa kwenye kibanda umiza kimoja huko Igoma, na hapo ndipo hasira ilipozidi. Watu walinyanyuka kwenye mabenchi. Miluzi, makofi. Mbele kabisa walikaa watoto, wengine bado na sare za shule, kwenye kazi ambayo ni ya watu wazima tangu sekunde ya kwanza, na hilo peke yake ni aibu ya mwenye kibanda. Mmoja wao, wa darasa la tatu au la nne hivi, aliweka vidole viwili kwenye macho yake, akavielekeza kwa mwenzake, "pyuu!", na mwenzake akajilaza chini akijifanya hana kichwa. Wakacheka wote wawili.

Kwa nini jingo iwekwe pale? Sababu ipo, na inakera zaidi kuliko uzembe. Mtafsiri anapofanya kazi, kwenye skrini ya kompyuta anaona mawimbi ya sauti ya muvi. Panapoongelewa au kupigwa risasi mawimbi yamesimama, panapokuwa kimya yamelala. Yeye hutafuta mahali yalipolala ili tangazo lake lisikike vizuri bila kushindana na sauti nyingine. Yaani anachagua kimya kwa makusudi. Kila mahali ambapo waigizaji wamepewa nafasi ya kutazamana, yeye anaona kiwanja kitupu cha kujenga kibanda. Rudieni sizoni nzima mkiwa na hilo kichwani, mtaona jingo karibu zote zimekaa hivyo.

Nilimfuata dukani kumweleza, kwa heshima kabisa. Nikamwambia, kaka, pale mwisho umefunika kitu kikubwa. Hakunitazama, alikuwa anahamisha mafaili kwenye flashi ya mteja. "Kaka, watu wanalipa wapate mzuka. Ukitaka kimya nenda kanisani." Akamgeukia mteja mwingine. Mteja akacheka. Jibu la namna hiyo kwa mtu aliyelipa, na aliyekuja kusifia kazi yake nyingine kabla ya kulaumu hii, ni dharau.

Na nilikuja kumsifia kweli. Sizoni ya kwanza, sehemu ya 4, kuna ndege iliyotekwa. Homelander na shujaa mwenzake Queen Maeve wanaingia kuokoa. Homelander anamuua mtekaji kwa mionzi, mionzi inapitiliza mpaka kwenye mitambo ya rubani, ndege haiongozeki tena. Maeve anamsihi waokoe hata wachache, yupo mama na binti yake. Homelander anakataa, kwa kuwa atakayepona atasimulia. Wanaondoka, abiria wanaachwa. Hapo mtafsiri wetu alifanya jambo ambalo sijalisikia kwa mtafsiri mwingine yeyote: alishusha sauti. Akatafsiri maombi ya Maeve polepole, sentensi moja moja, kisha akanyamaza na kuwaacha abiria wasikike wenyewe. Jingo ilikuja baadaye kabisa. Kibandani pale pale Igoma hakuna aliyepiga mluzi. Mama mmoja muuza karanga aliyesimama mlangoni alisema kwa nguvu, "Si amchukue hata mtoto!" Na Homelander alipokwenda kuhutubia akijifanya ana uchungu, watu walimzomea. Walimtukana kwa Kiswahili na kwa Kisukuma.

Huku ziwani mambo ya chombo kuzama na abiria hayahitaji kutafsiriwa. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na familia zilizopoteza watu tunaishi nazo. Novemba 2022 ndege ya abiria ilitumbukia ziwani pale Bukoba ikiwa na watu 43, wakafa 19, na waliofika kwanza kuwatoa waliopona ni wavuvi na mitumbwi yao. Mtazamaji wa Kanda ya Ziwa akimwona mwenye nguvu za kupaa anawaacha abiria, hahitaji kuambiwa na mtu kwamba huyo ni mbaya. Anachohitaji ni mtafsiri kufunga mdomo kidogo aone mwenyewe.

Kwa hiyo wanaosema watazamaji wetu hawaelewi mashujaa wabovu, kwamba tumezoea steringi mwema na adui mbaya tu, nawakatalia. Watu walewale, mabenchi yaleyale, walimzomea Homelander kwenye ndege na kumpigia makofi kwenye mauaji. Kilichobadilika ni mkono wa mtafsiri.

Ndivyo nilivyoamini, na bado naamini kwa sehemu kubwa. Lakini nikiendelea kuandika hapa kuna kitu kinanikwamisha. Watazamaji wanaoitazama kwa Kiingereza chenyewe, wasiokuwa na jingo wala mtafsiri, nao wapo waliompenda Homelander wakamwona wa kuigwa. Alan Moore aliandika katuni ya mashujaa iitwayo Watchmen mwaka 1986 na 1987, akamwonesha mhusika wake Rorschach kama mtu aliyeharibika, na baadaye akalalamika kwamba wasomaji wanamjia wakisema wanajiona wao ni Rorschach. Hapo hakuna mtafsiri wa kulaumiwa. Na ukiitazama ile sehemu ya 8 kwa jicho hilo, kibanda cha Igoma kilifanya kilekile kilichofanywa na umati wa kwenye muvi. Mtafsiri akawa ndiye Todd wetu: mtu wa kwanza kupiga kelele, wengine wakafuata. Labda hata bila yeye angetokea mwingine benchi la nyuma.

Labda. Lakini hatukupewa nafasi ya kujua, na hilo ndilo linalonifanya nirudi palepale nilipoanza. Kimya kingewekwa, tungesikia nani wa kwanza kupiga mluzi na nani kanyamaza. Yule mama wa karanga angesema kitu. Nina hakika angesema.

Kurekebisha ni kazi ndogo, na anayejua kutafsiri hawezi kusema ni ngumu. Kwanza, tazama sehemu nzima bila kurekodi, andika pembeni dakika ambazo hutakiwi kusema. Kwa sehemu ya saa moja hazitazidi chache. Pili, jingo zote ziwe mwanzoni, au kwenye majina ya waigizaji yanapopita mwishoni. Tatu, sauti ya muvi ishuke unapoongea, isikatwe kabisa: desibeli 10 mpaka 12 zinatosha sauti yako kukaa juu huku muziki na umati vikisikika chini. Huyu anaishusha mpaka chini kabisa halafu anaichelewesha kurudi, kwa hiyo hata akinyamaza, neno la kwanza la mwigizaji linakuwa limemezwa. Ule muda wa kurudi ufupishwe mpaka chini ya nusu sekunde. Nne, na hili ni bure kabisa, aiache sauti ya asili kama njia ya pili ya sauti ndani ya faili hilohilo. Sauti ya stereo ya aina ya AAC kwa kilobiti 128 kwa sekunde inaongeza takriban MB 58 tu kwa saa moja ya muvi. Mwenye simu anabadilisha kwenye kichezeo chake, mwenye runinga anabonyeza kitufe cha sauti kwenye rimoti. Anayetaka mzuka apate, anayetaka kimya apate, na hakuna haja ya kumpeleka mtu kanisani.

Mkiitafuta ya Kiingereza, angalieni mambo haya kabla hamjaondoka dukani. Faili la subtaito liwe na jina lilelile la faili la video, herufi kwa herufi, na likae kwenye folda moja, la sivyo runinga nyingi hazitalisoma. Flashi ikiwa imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja la zaidi ya GB 4, hivyo msikubali kuambiwa flashi yenu ni mbovu, ombeni nakala ndogo. Na kama runinga inaonesha picha bila sauti, kisa mara nyingi ni sauti ya aina ya DTS au EAC3 ambayo runinga za bei nafuu haziifungui. Mwambieni abadilishe sauti peke yake iwe AAC ya stereo na picha aiache ilivyo, itachukua dakika chache. Akisema lazima akonveti yote upya, anawachosha.

Nyota? Sizoni ya kwanza nampa tano kwa ile ndege peke yake. Ya tatu nilitaka kumpa moja. Nampa mbili, kwa sababu sehemu za Soldier Boy, yule shujaa wa zamani, amezifanya kwa ustadi na sauti yake ya mzee mkali inafaa, na kwa sababu mtu aliyeweza kunyamaza kwenye ndege anajua kunyamaza. Akirekodi upya dakika tano za mwisho za sehemu ya 8, amwite Todd kwa jina lake na kuitoa ile jingo, nitalipa bei ya sizoni nzima kwa hizo dakika tano, na mwenye kibanda pale Igoma nitamwomba airudie, usiku, watoto wakiwa wameshaenda kwao.