Mbao za balsa kwa modeli ya paa: uzoefu wangu

Kazi ya studio ilikuwa kusanifu paa la miteremko minne, kisha kuwasilisha michoro pamoja na modeli ya kenchi zake, yaani fremu ya mbao inayobeba paa. Wenzangu wengi walichukua kadibodi. Mimi nilichukua balsa, mbao nyepesi sana na laini, na nikipewa tena kazi ya namna hiyo nitairudia, ila kwa kenchi tu.

Kilichonivuta ni skeli. Kwenye 1:50, mbao ya milimita 50 kwa 150 inakuwa kijiti cha milimita 1 kwa 3, na balsa hupatikana katika bapa za unene wa milimita 1, kwa hiyo unachana vijiti mwenyewe kwa rula ya chuma na wembe. Makombamoyo, yaani mbao zinazopanda kwa mteremko kutoka ukutani hadi kileleni, yakiachana milimita 600 yanakaa kila baada ya milimita 12. Kadibodi ya upana huo hujikunja, balsa inanyooka. Wembe lazima uwe mpya, maana ukiwa butu unaiponda badala ya kuikata. Pitisha taratibu mara mbili tatu, usikandamize.

Ninachoisifia zaidi ni jinsi inavyokukagulia michoro. Ramani ya paa inayotazama kutoka juu haionyeshi urefu halisi wa mbao. Chukua jengo la upana wa mita 6 na mwinamo wa nyuzi 30. Kwenye modeli, nusu ya upana ni milimita 60, lakini kombamoyo la kawaida linafika milimita 69.3, bila kuhesabu kipande kinachotokeza nje ya ukuta. La kona, linalopanda kimshazari kutoka pembe ya jengo, linaonekana la milimita 85 hivi kwenye ramani, kumbe urefu wake halisi unakaribia 92, tena limelala zaidi: nyuzi 22 tu. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. Nilichora pembetatu hizo kwa vipimo vya modeli, nikatandika plastiki angavu juu ya karatasi, nikashikiza vijiti kwa pini na kugundisha papo hapo. Kijiti kisipofika kileleni, unarudi kwenye mkato (mchoro unaoonyesha jengo kama limekatwa wima) kusaka namba iliyokosewa, na unaipata kabla mhadhiri hajaiona.

Kasoro zipo. Ni laini mno, hata ukucha unaacha alama. Halafu bapa za unene mmoja hazilingani ugumu. Shika kila moja kwenye ncha uone inavyolegea, zile ngumu uziwekee makombamoyo ya kona. Gundi nyeupe ya mbao ilinifaa kuliko ile ya kukauka ghafla, kwa sababu inakupa nafasi ya kusogeza kiungo kikae sawa.

Kwa kuezeka, sioni haja ya balsa. Nilifunika nusu ya paa kwa kadibodi nyembamba na kuacha nusu ya pili wazi, na upande huo wazi ndio waliouinamia wote waliokuja kukagua. Swali lao la kwanza lilikuwa kombamoyo la kona linakaaje juu ya mtambaapanya, yaani mbao inayolala juu ya ukuta. Kwenye 1:50 kiungo hicho ni kidogo mno kukieleza kwa kijiti, kwa hiyo nilikuwa nimekichora pembeni kwa skeli ya 1:10, na maelezo yote niliyatolea hapo.